Siri zako zimo kwenye simu ya mwenzako (uzi mrefu)

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu. Uzi huu ni mrefu na nitaushusha kwa vipande, kwa hiyo mwenye haraka aweke alama arudi baadaye. Nimeuandika kwa sababu jambo lenyewe bado linaniuma.

Mtu akitajiwa kulinda taarifa zake mtandaoni, mawazo yake hukimbilia kwenye nywila ngumu na kutobofya linki za ajabu. Hayo yote nilikuwa nayafanya. Kila akaunti na nywila yake, simu ina pini, ujumbe wa "umeshinda zawadi" naufuta bila kuufungua. Na bado nililizwa. Mwizi alipitia kwa mtu ninayempenda, ambaye hakujua kabisa kwamba ameshika kitu changu cha kuibika.

Ilikuwa siku ya kazi, saa tano asubuhi. Simu ilikuwa mezani, mara nikaona vile vistari vya mtandao juu ya skrini vimetoweka. Nikadhani ni hitilafu tu. Nikaizima, nikaiwasha. Nikatoa laini, nikaifuta kwenye shati, nikairudisha. Kimya. Nikaendelea na shughuli zangu karibu dakika 40, na dakika hizo ndizo ninazozijutia mpaka leo. Nilipofungua barua pepe kwenye kompyuta nikakuta tatu zimefuatana. Ya kwanza inasema nywila ya akaunti yangu moja imebadilishwa. Ya pili inasema kuna kifaa kipya kimeingia. Ya tatu sikuimaliza kuisoma, maana ukurasa ulijifunga ukanitaka niingize nywila upya, na nywila yangu ikakataliwa.

Kumbe kuna mtu alikuwa amekwenda kwa mtoa huduma wa laini yangu akiwa na nakala ya kitambulisho changu. Akajitambulisha kuwa ni mimi, nimepoteza simu, naomba laini mpya yenye namba ileile. Akapewa. Tangu dakika ile kila meseji ya tarakimu 6 iliyokusudiwa kunithibitisha mimi ilikuwa inaingia kwake. Mbinu hii haichagui mtu: Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa Twitter yenyewe, ilitekwa kwa kuichukua namba yake ya simu.

Sasa nakala ya kitambulisho ilitoka wapi? Hapa ndipo uzi wenyewe ulipo.

Miaka miwili kabla ya hapo, rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye kwangu ni kama dada, alikuwa ananisaidia kujaza fomu fulani. Akaniomba picha ya kitambulisho, mbele na nyuma. Nikampigia picha, nikamtumia kwa barua pepe, fomu ikajazwa, tukasahau. Picha haikusahau. Ilibaki kwenye kisanduku chake, na nakala nyingine ikabaki kwangu kwenye zilizotumwa. Naye dada yangu yule alikuwa amejiandikisha kwenye tovuti ndogo ya mafunzo ya ushonaji, akatumia nywila ileile ya barua pepe yake. Tovuti ile ikavuja. Walioipata orodha wakajaribu kila anwani na nywila yake kwenye huduma za barua pepe, na kwake mlango ukafunguka.

Hawakubadilisha chochote, na hilo ndilo linalotisha. Walikaa ndani kimya wakatafuta wanachokitaka. Tulipokaa naye baadaye kukagua akaunti yake, tulikuta kwenye mipangilio kuna kanuni iliyowekwa: kila barua inayoingia, nakala yake ipelekwe kwenye anwani ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Katikati ya miaka ile alikuwa ameshabadilisha nywila mara moja. Kanuni ile haikuguswa na mabadiliko hayo. Iliendelea kusukuma barua zake nje, mchana na usiku.

Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba fungua barua pepe yako sasa hivi, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kusambaza barua na sehemu ya vichujio. Ukikuta anwani usiyoijua, ifute kwanza, halafu ondoa vifaa vyote vilivyoingia, halafu ndiyo ubadilishe nywila.

Naendelea.

Mchangiaji wa 1

Naweka kambi hapa. Pole sana mkuu.

Mchangiaji wa 2

Pole mleta uzi. Ila mimi naona wengine tunajipa hofu bure. Mtu wa kawaida kama mimi, sina mali, sina cheo, sina cha kuficha. Nani ahangaike na taarifa zangu?

Mleta uzi

Asante mkuu, swali lako nalijibu kwa heshima kwa sababu hata mimi niliwahi kusema hivyohivyo.

Kwanza, aliyeiba kwa rafiki yangu hakuwa anamtafuta yeye, wala mimi. Mashine ilijaribu orodha nzima ya watu, ikachukua walioitika.

Pili, tazama mfano huu. Mwaka 2023 kampuni ya 23andMe, inayopima vinasaba vya watu ili kuwaonyesha asili na ndugu zao, iliingiliwa. Wezi walifungua akaunti takriban 14,000 tu, kwa njia ileile ya nywila zilizovuja kwingine. Lakini kwa sababu kila mteja aliyewasha huduma ya kutafuta ndugu alikuwa anaona taarifa za wale waliofanana naye kwa damu, wezi waliondoka na taarifa za watu karibu milioni 6.9. Piga hesabu: kwa kila aliyeacha mlango wazi, watu zaidi ya 400 walichukuliwa taarifa zao. Wengi wao huenda walikuwa na nywila nzuri kuliko zangu, na hazikuwasaidia.

Na ile habari ya Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa, iliyolipuka mwaka 2018, watu wanaikumbuka kwa siasa tu. Chanzo chake kilikuwa chemsha bongo ya tabia kwenye Facebook. Walioijaza walikuwa kama 270,000. Facebook yenyewe ilikuja kukiri kwamba taarifa za watu hadi milioni 87 huenda zilichukuliwa, kwa kuwa wakati ule programu iliruhusiwa kuchota na za marafiki wa aliyeijaza. Mamilioni wale hawakubofya popote. Rafiki alibofya kwa niaba yao.

Kwa hiyo mkuu, hata kama wewe huna cha kuficha, je, waliokuamini hawana? Kwenye simu yako kuna namba ya daktari wa mtu, picha ya mtoto wa mtu, ujumbe wa ndugu anayekueleza ugonjwa wake usiku wa manane kwa sababu anajua utautunza. Hivyo vyote ni vya wenyewe, wewe umeshikishwa tu.

Na hilo neno "mtu wa kawaida" nalo lina mtego wake, maana tunadhani kipande kidogo hakimtambulishi mtu. Mtafiti Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba takriban asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya eneo wanaloishi. Vitatu tu, na hakuna jina hata moja kati yake. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ilitoa hadharani maneno yaliyotafutwa mtandaoni na wateja wake kama 650,000, majina yakiwa yameondolewa na kuwekwa namba. Haikuchukua siku nyingi, waandishi wa New York Times wakabisha hodi kwa mwenye namba mojawapo. Walimjua kwa yale aliyokuwa anayatafuta. Na mwaka 2013 watafiti walichunguza nyendo za simu za watu milioni 1.5, wakakuta kwamba kujua mahali na saa kwa mara 4 tu kunatosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu. Nyumbani usiku, kazini mchana, na sehemu mbili nyingine. Basi, ni wewe.

Mchangiaji wa 2

Nimekuelewa mkuu. Hiyo ya 23andMe sikuwa naijua. Tiririka.

Mleta uzi

Nianze na nywila, ingawa nitapita haraka kwa sababu zimeshasemwa sana.

Ubaya mkubwa haupo kwenye nywila fupi. Upo kwenye nywila moja kutumika sehemu nyingi. Mwaka 2012 LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi na ajira, iliibiwa nywila. Miaka minne baadaye, 2016, ndipo ikajulikana kwamba anwani na nywila za watu kama milioni 117 zinauzwa. Yahoo nayo iliingiliwa mwaka 2013, na mwaka 2017 ikakiri kwamba akaunti zote bilioni 3 ziliguswa. Unaona tofauti ya miaka hiyo? Kati ya kuibiwa na kutangaziwa, mwizi ana miaka mitatu minne ya kujaribu nywila yako kila mahali, na wewe unalala usingizi.

Dawa ni kila akaunti kuwa na nywila yake, na hakuna kichwa cha binadamu kinachoweza kukariri nywila 80. Tumia programu ya kutunza nywila, kuna za bure na nzuri, wewe ukariri moja tu ya kuifungulia. Hiyo moja iwe ndefu: maneno matano au sita yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa bahati nasibu, siyo mstari wa wimbo wala aya inayojulikana. Na ile kawaida ya kulazimisha watu wabadilishe nywila kila baada ya miezi mitatu, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliipinga kwenye mwongozo wake wa mwaka 2017, kwa sababu mtu akilazimishwa anaongeza 1 mwishoni, kisha 2, kisha 3. Badilisha ukiwa na sababu: imevuja, au kuna dalili ya mgeni.

Kujua kama imevuja, kuna tovuti ya Have I Been Pwned iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013. Unaandika anwani yako ya barua pepe, inakuambia imeonekana kwenye mavujo gani. Rafiki yangu alipoandika ya kwake, jina la ile tovuti ya ushonaji lilitokea la pili. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni mimi." Nilimwambia ni mwizi, siyo wewe, na nilimaanisha.

Mchangiaji wa 3

Mkuu samahani, kuandika nywila yangu kwenye tovuti ili nijue kama imevuja, siyo ndiyo kuivujisha?

Mleta uzi

Swali zuri sana, na ni vizuri ukawa na tabia hiyo ya kushtuka. Anwani ya barua pepe unaiandika, hiyo haina shida kubwa. Tovuti hiyohiyo ina pia sehemu ya kukagua nywila, na pale haitumwi nywila yenyewe. Kivinjari chako kinaigeuza kwanza kuwa mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu usioweza kurudishwa nyuma kwa urahisi, halafu kinatuma alama 5 za mwanzo tu. Tovuti inarudisha orodha ya milolongo yote inayoanza na alama hizo, mamia kadhaa, na kulinganisha kunafanyika kwenye kifaa chako. Programu nyingi za kutunza nywila zinafanya ukaguzi wa namna hiyo zenyewe. Lakini ukikutana na tovuti nyingine yoyote inayokuomba uandike nywila "ili ikaguliwe", kimbia.

Sasa zile tarakimu 6. Meseji ya uthibitisho ni bora kuliko kutokuwa na chochote, lakini imeegemea kwenye laini yako, na laini inaweza kuhamishwa kama ilivyohamishwa yangu. Mahali penye uzito, hasa barua pepe na pesa, tumia programu inayotengeneza tarakimu ndani ya simu yenyewe. Hizo hazisafiri kwenye laini, kwa hiyo aliyeteka namba yako hazipati. Zile nambari za dharura unazopewa siku ya kuiwasha, ziandike kwenye karatasi na uzitunze pasipo na simu. Muulize pia mtoa huduma wako kama anaweza kuweka neno la siri ambalo bila hilo laini haibadilishwi. Wengine wanalo, wengine hawana, lakini uliza.

Na laini ikikatika ghafla bila sababu huku wenzako wa mtandao huohuo wanapata, usisubiri dakika 40. Azima simu hapohapo, mpigie mtoa huduma, sema neno moja: fungeni laini.

Kuhusu WhatsApp, utapeli wake ni rahisi mno. Mtu anaandikisha namba yako kwenye simu yake, nambari ya tarakimu 6 inakuja kwako, halafu anakuandikia kutumia akaunti ya rafiki yako aliyeshatekwa: "Samahani, nimekosea nikatuma nambari yangu kwako, naomba unitumie." Unamjua, unampenda, unatuma. Ukishatekwa wewe, jina lako ndilo linalotumika kuwateka walio kwenye makundi yako. Unaona mnyororo ulivyo? Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka pini. Kisha umfanyie hivyo mzazi wako, kwa sababu yeye ndiye atakayetuma bila kuuliza.

Hapohapo angalia vifaa vilivyounganishwa. Anayeshika simu yako ikiwa wazi kwa sekunde 20 anaweza kuunganisha kompyuta yake na kuendelea kusoma. Wengine hukuta kifaa cha mwenzi waliyeachana naye.

Mchangiaji wa 4

Mimi nimekuta. Nimetoka kuangalia sasa hivi baada ya kusoma. Kompyuta nisiyoijua, imeingia mara ya mwisho juzi. Mikono inatetemeka.

Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu. Bonyeza juu yake, iondoe. Lakini subiri kidogo: kama unahisi ni mtu unayeishi naye na unaogopa anaweza kukudhuru akigundua umemtoa, usifanye hivyo peke yako. Kwanza zungumza na mtu unayemwamini kwa kutumia simu ambayo siyo hiyo. Piga picha ya ukurasa huo ukiwa na tarehe, uihifadhi nje ya simu. Kisha toa kifaa, badilisha pini ya kufungulia simu na alama za vidole zilizosajiliwa, kwa sababu aliyeingia mara ya kwanza aliipata simu ikiwa wazi. Kama unataka kuongea, niandikie pembeni.

Mchangiaji wa 4

Asante. Si hatari ya namna hiyo, ila najua ni nani. Nimemtoa.

Mleta uzi

Umefanya vizuri.

Niendelee na sehemu ambayo mimi naiona ndiyo kubwa kuliko zote, nayo haizungumzwi: majina yaliyo kwenye simu yako.

Ukiisakinisha programu mpya, kitu cha kwanza inachouliza ni ruhusa ya kusoma namba ulizohifadhi. Ukibonyeza "ruhusu", unaikabidhi kampuni usiyoijua orodha ya watu mamia ambao hawakuulizwa. Na haiendi namba tupu. Linaenda na jina ulilomwandika: "Mama Mwenye Nyumba", "Kliniki ya Presha", "Wakili wa Talaka". Mtu anayekufahamu kidogo tu akiiona orodha hiyo anajua unaumwa nini na una kesi gani. Na kampuni ikipokea orodha kutoka kwa watu 50 wanaokufahamu, inakujua hata kama wewe hujawahi kuigusa programu yao.

Programu ya kutolea mikopo, ya kuhariri picha, ya mchezo wa karata, inataka namba za watu za nini? Kataa. Ikigoma kufanya kazi kwa sababu hiyo, iondoe. Kuna mfano wa tochi ambao siusahau: mwishoni mwa mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni iliyotengeneza programu ya tochi iliyopakuliwa mara makumi ya mamilioni, kwa sababu ilikuwa inawapelekea watangazaji mahali mtu alipo pamoja na namba ya utambulisho wa simu yake. Tochi! Kazi yake ni kuwasha taa.

Kwa hiyo chukua simu, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha au ruhusa. Usiangalie programu moja moja, angalia ruhusa moja moja: nani anasoma namba, nani ana kipaza sauti, nani anajua ulipo hata usipoifungua. Orodha itakushangaza. Ya mahali ulipo weka "wakati wa kutumia tu", na kwa nyingi weka eneo la kukadiria badala ya sahihi. Programu ya hali ya hewa haihitaji kujua umekaa chumba gani.

Mchangiaji wa 5

Na picha je? Mimi nina mtoto mchanga na mama mkwe anaposti kila siku. Nashindwa nimwambieje.

Mleta uzi

Hili ni gumu kwa sababu linagusa upendo. Mimi ningemwendea kwa upole na kwa jambo mahususi, siyo kwa katazo la jumla. Kwa mfano: "Mama, posti, lakini tusiandike jina lake kamili na tarehe aliyozaliwa." Umeona juu pale tarehe ya kuzaliwa inavyofanya kazi. Au mtengenezee sehemu ya kushirikishana picha ya familia peke yake, akaziweke humo. Mara nyingi bibi anataka tu kuonyesha, na akipata watazamaji ndugu kumi anaridhika.

Picha zenyewe zina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, simu nyingi huandika ndani ya picha saa na mahali ilipopigwa, kama umeruhusu kamera kujua ulipo. Desemba 2012 John McAfee, yule mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi, alikuwa anajificha, gazeti moja la mtandaoni likaweka picha yake, na ndani ya picha hiyo mlikuwa na vipimo vilivyoonyesha kwamba yuko Guatemala. Mitandao mikubwa ya kijamii kwa kawaida huondoa vipimo hivyo picha inapowekwa hadharani, lakini ukiituma kama faili au kwa barua pepe, vinakwenda navyo. Zima ruhusa ya mahali kwenye kamera.

La pili, kuficha maandishi kwenye picha. Watu wanachukua ile kalamu ya rangi ya kwenye simu, wanapaka juu ya namba ya kitambulisho, wanaona nyeusi. Ile ya kung'arishia maandishi inapitisha mwanga. Ukiongeza mwangaza wa picha, namba inasomeka chini yake. Hata kukata picha hakukuwa salama kila mara. Machi 2023 ilibainika kwamba chombo cha kuhariri picha kwenye simu za Google Pixel kilikuwa kinaacha mabaki ya picha ya awali ndani ya faili, na sehemu iliyokatwa iliweza kurudishwa. Wamesharekebisha, ila picha zilizotumwa kabla ya hapo zilibaki zilivyo. Njia ninayoitumia mimi: naweka umbo la mstatili mweusi uliokolea kabisa juu ya maandishi, kisha napiga picha ya skrini ya hiyo picha, natuma hiyo ya pili.

Na kitambulisho sasa. Ukilazimika kutuma nakala, andika juu yake, ukikatiza katikati bila kuziba yanayohitajika: imetolewa kwa nani, kwa kazi gani, tarehe ngapi. Nakala yenye maandishi hayo haina faida kubwa kwa mwizi anayetaka kuitumia kwingine. Tuma kwa njia inayojifuta yenyewe kama ipo. Kazi ikiisha, mpigie aliyepokea: "Naomba ufute, na kwenye takataka pia." Nawe futa kwenye zilizotumwa. Na ukitumiwa ya mwenzako, usisubiri akukumbushe.

Mchangiaji wa 3

Vipi kuhusu WhatsApp na Signal, ni kweli hakuna anayesoma?

Mleta uzi

Ujumbe ukiwa njiani, zote mbili zinaufunga kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. WhatsApp ilikamilisha hilo kwa watu wote Aprili 2016. Tofauti iko pembeni ya ujumbe: nani anaongea na nani, saa ngapi, mara ngapi. Hayo peke yake yanasema mengi. Mtu aliyeongea na kituo cha ushauri wa kujiua saa nane usiku kwa dakika 30, unahitaji kusikia alichosema? Signal ilipodaiwa taarifa na mahakama Marekani mwaka 2016, ilichokuwa nacho cha kutoa kilikuwa siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho kuunganishwa. Kampuni isiyokusanya kitu haina cha kunyang'anywa.

Lakini tahadhari ya chelezo, yaani nakala ya akiba ya mazungumzo. Mazungumzo ya WhatsApp yakihifadhiwa kwenye wingu, kufunga chelezo hiyo kwa ufunguo wako ni chaguo ambalo limekuwepo tangu 2021, na lazima uliwashe mwenyewe. Wewe ukiwasha na mwenzako asiwashe, mazungumzo yenu yaleyale yamo kwenye wingu lake yakiwa wazi kwa atakayeingia. Tunarudi palepale.

Mchangiaji wa 6

Mimi natumia dirisha la siri la kivinjari, nadhani niko salama.

Mleta uzi

Dirisha lile linamficha anayetumia kompyuta hiyohiyo baada yako. Tovuti unayoitembelea inakuona, mwajiri mwenye mtandao anaona unakokwenda, na Google yenyewe ilishtakiwa mwaka 2020 kwa kukusanya taarifa za watu waliokuwa humo. Katika makubaliano ya mwaka 2024 ikakubali kufuta kumbukumbu nyingi. Ukitaka kupunguza wanaokufuatilia, weka kizuizi cha matangazo kinachoaminika na uzuie vidakuzi vya watu wa tatu, yaani vile vifaili ambavyo kampuni nyingine huviacha kwenye kivinjari chako ili zikufuatilie tovuti hadi tovuti. Ila viongezi vya kivinjari navyo chagua kwa uangalifu: Avast, kampuni ya programu za kuzuia virusi, yaani watu waliowekwa kutulinda, ilibainika mwaka 2020 kwamba kupitia kampuni tanzu ilikuwa inauza historia za kuvinjari za watumiaji wake, na mwaka 2024 FTC ikaitoza dola milioni 16.5.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, ulirudishiwa akaunti zako?

Mleta uzi

Barua pepe nilirudishiwa baada ya siku 9. Akaunti moja haikurudi kabisa, na ilikuwa na picha za marehemu baba ambazo sikuwa nimezihifadhi kwingine.

Dada yangu yule tupo vizuri. Tuliketi jioni moja, kila mmoja na simu yake, tukatafuta neno "kitambulisho" kwenye barua pepe na jumbe zetu, kama alivyotafuta mwizi. Yeye alikuta nakala za watu 11. Mimi nilikuta 6, na mmoja wao ni mzee aliyenituma nimchapishie mwaka 2019, mbele na nyuma, picha safi kabisa. Nilifuta, kisha nikampigia kumweleza. Alidhani niliifuta siku ileile.